Kuhamia Lushoto au Pangani: upime mji kwa mwezi wake mbaya

Watu wa Dar es Salaam wanaofikiria kuhama jiji huzitaja Lushoto na Pangani kana kwamba ni kitu kimoja: mkoa uleule wa Tanga, miji midogo, viwanja vya bei ya kuvumilika, majirani wanaosalimiana. Ukifika unakuta hazifanani hata kidogo. Lushoto iko milimani, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, katika Usambara ya Magharibi. Pangani iko pale mto wa jina hilo unapoingia baharini, na mji wenyewe umekaa karibu sawa na maji. Tofauti hiyo ya kimo inafika hadi kwenye nguo, msingi wa nyumba, dawa za kuweka kabatini na uniti za luku.

Kosa la wengi ni kuiona miji hii Desemba. Desemba Lushoto kuna plamu barabarani na hewa ya kupendeza, na Pangani bahari ni tulivu kwa sababu kaskazi inavuma. Mtu akirudi Dar anaanza kuuliza bei ya kiwanja. Ushauri wangu ni kwenda wakati mji uko katika hali yake mbaya kabisa, ukakaa angalau wiki nzima, tena si hotelini. Kwa Lushoto nenda Aprili mvua zikiwa zimeshika, kisha urudi Julai. Kwa Pangani nenda Februari au Machi kabla masika hayajafika. Mji unaoweza kuuvumilia katika mwezi huo ndio wako.

Baridi ya Julai, joto la Februari

Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Lushoto ni baridi kuliko pwani kwa nyuzi nane au zaidi mwaka mzima. Ndiyo maana Wajerumani walipanda huko kukimbia joto na homa, wakauita mji Wilhelmstal. Kwa mgeni wa leo, baridi ya Juni hadi Agosti si mchezo. Ukungu unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi, nguo zikafuliwa Jumatatu na zikakauka Alhamisi, na nyumba isiyo na dari ikawa haiwezi kukalika jioni. Mzee mwenye baridi yabisi ataisikia kwenye magoti. Mwenye pumu naye aende kwa tahadhari, kwa sababu nyumba zenye unyevu huota kuvu kwenye kuta za upande usiopata jua, na watu wengi hupikia kuni au mkaa ndani.

Pangani shida yake ni kinyume. Februari na Machi usiku hauna nafuu, shuka linalowa jasho, na umeme ukikatika feni inasimama, unabaki wewe na mbu. Malaria ni jambo la kuhesabu: chandarua cha kila kitanda, nyavu za madirisha, na mazoea ya kwenda kupima mara tu homa inapoanza. Lushoto nako malaria ipo, hasa kwa wanaoshuka Mombo mara kwa mara, ila mzigo wake ni mwepesi zaidi. Kwa familia yenye watoto wadogo au mjamzito, hoja hii peke yake yaweza kutosha kuamua.

Wenye shinikizo la damu mara nyingi huambiwa waende mlimani kwa sababu ya hewa nzuri. Mimi ningewauliza kwanza swali la sehemu inayofuata.

Ukiugua saa nane usiku

Kutoka Mombo, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami kupitia Soni. Barabara ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, na upande mmoja ni bonde. Mchana unaisifu kwa mandhari na maporomoko ya maji ya Soni. Wakati wa masika hugeuka, kwani udongo na mawe hushuka barabarani na safari husimama mpaka kifusi kiondolewe. Mji una hospitali ya wilaya, na Bumbuli, mlimani humohumo, kuna hospitali kongwe ya Kilutheri. Mgonjwa akihitaji zaidi ya hapo, itabidi ashuke mlima kwanza, halafu aende hospitali ya Bombo jijini Tanga au ya KCMC Moshi. Zote mbili ni safari ya saa kadhaa.

Pangani ina hospitali ya wilaya pia, na Tanga mjini iko kilomita 50 tu kwa barabara tambarare. Mtu wa moyo, wa figo, au anayekwenda kliniki kila mwezi, hapa mizani inaelemea Pangani bila ubishi. Nimeona watu wakibishana kuhusu mandhari kwa nusu saa bila yeyote kuuliza gari la wagonjwa linakaa wapi.

Kuna jambo moja Pangani linalobadilika. Mto umeugawa mji na Bweni ng'ambo ya pili, na kwa miaka yote watu wamevuka kwa kivuko au mtumbwi. Daraja la mita 525 limekuwa likijengwa hapo, sehemu ya barabara ya pwani inayotoka Tanga kupitia Pangani na Saadani kuelekea Bagamoyo. Barabara hiyo inamfungulia mtu wa Dar njia isiyopita Segera. Maana yake kwa mnunuzi ni mbili: safari itakuwa fupi, na bei ya ardhi, hasa Bweni na kuelekea Ushongo, haitabaki ya zamani. Anayetafuta ukimya wa kudumu alitazame daraja hilo kwa macho mawili.

Nyumba: adui wa Lushoto ni mteremko, wa Pangani ni chumvi

Lushoto kiwanja tambarare ni bahati. Vingi viko mteremkoni, na bei ya kiwanja haikuambii gharama ya kukifanya kijengeke. Kwanza unachonga mlima kupata ngazi ya nyumba, kisha unajenga ukuta wa mawe wa kushikilia udongo nyuma, na mara nyingi mwingine mbele. Mawe yapo, na mafundi wa kuyapanga wapo, wengine hodari sana. Vinavyouma ni saruji, nondo na mabati, kwa sababu vyote vimepanda zile kona kutoka Mombo na nauli imeongezwa juu ya bei. Kiwanja kikiwa mbali na barabara, kuna mzigo wa pili: vibarua wa kubeba kichwani hadi eneo la ujenzi. Uliza kabla hujalipa kama fuso inafika, na kama inafika pia wakati wa mvua.

Kisha mitaro. Msambaa aliyezaliwa hapo anajua maji ya mvua yanapita wapi kwenye ubavu wa mlima ule, kwa sababu babu yake aliyaona. Mgeni anakuja na ramani kutoka Dar, anaweka nyumba katikati ya njia ya maji, na jirani wa chini anapata tope sebuleni. Ugomvi wa namna hii ni wa zamani katika milima hii. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko, Mlalo na kwingineko, na wananchi wakaupinga mpango ule vikali kwa sababu uliwaongezea kazi katika ardhi ambayo tayari ilikuwa haiwatoshi. Udongo wa Usambara una macho mengi juu yake. Kabla hujachimba, tembea kiwanja na jirani wa juu na jirani wa chini pamoja.

Tofali la kuchoma ndilo la kawaida huko na linafaa. Weka dari, weka madirisha ya vioo yanayofunga vizuri, elekeza sebule kwenye jua la asubuhi, na ukiweza jenga sehemu ya kuotea moto yenye bomba la kutolea moshi. Nyumba za pwani zenye matundu ya hewa juu ya kuta ni mateso Lushoto, na fundi aliyejifunzia Dar atakuwekea matundu hayo bila kukuuliza.

Pangani udongo ni rahisi, ardhi ni tambarare, na saruji haitoki mbali: kiwanda kiko Pongwe, Tanga. Kiwanja unachokilipia ndicho unachokijenga. Adui anakuja baadaye, taratibu. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Bati jepesi la geji 30 linaanza kutoboka wakati wewe bado unalipa mkopo. Chukua geji 28 au nene zaidi, lenye rangi, na usisahau misumari yake, maana mara nyingi kutu huanzia kwenye msumari. Mageti, grili za madirisha, bawaba na hata friji huliwa vilevile. Mchanga wa ufukweni usiuguse kwa zege. Chumvi yake itakula nondo kwa ndani, na utajua ukuta ukianza kupasuka. Anayejenga kilomita mbili tatu ndani ya nchi kavu atapata unafuu mkubwa, ingawa atakosa kuiona bahari kitandani.

Wengine huvutiwa na nyumba za zamani za mawe na chokaa pale mjini, karibu na mto. Ni nzuri kwa kweli. Mji huu una historia nzito. Ni hapa Abushiri bin Salim alipoongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na akanyongwa Desemba 1889. Ila nyumba ya mawe ya matumbawe yenye boriti za mikoko si ya kukarabati kwa saruji. Saruji huzuia unyevu ndani ya ukuta, lipu inabambuka, na boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Inataka chokaa, fundi anayeijua, na mfuko usio na pupa. Kama huna vitatu hivyo, jenga mpya.

Karatasi, na maswali ya kumuuliza mwenyekiti

Ndani ya mji, tafuta kiwanja kilichopimwa, chenye namba na kitalu, na uthibitishe ofisi ya ardhi ya halmashauri, si kwa dalali. Nje ya mji unaingia kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999: ardhi iko chini ya halmashauri ya kijiji, na unachoweza kupata ni hati ya hakimiliki ya kimila. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtendaji peke yake haitoshi. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichokubali ombi lako, uhakikishe majirani wa mipaka yote wamesaini, na upige picha za alama za mipaka wao wakiwa wamesimama hapo.

Hadi hapo miji yote miwili ni sawa. Mitego yake ndiyo inatofautiana.

Lushoto ardhi ni ya ukoo, vipande ni vidogo, na warithi ni wengi. Anayekuuzia anaweza kuwa kaka mmoja kati ya sita. Usitoe hela mpaka umewaona hao wengine, pamoja na dada walioolewa Korogwe na Muheza, maana hao ndio husahauliwa na hao ndio hufika na mwanasheria. Kiwanja kilichopakana na msitu wa Magamba kikaguliwe mara mbili. Mpaka wa hifadhi hausogei kwa sababu wewe umejenga.

Pangani uliza swali ambalo mtu wa bara halimjii akilini: minazi hii ni ya nani? Kwa desturi ya pwani, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Umenunua shamba, asubuhi anakuja mzee na mkwezi wake kuangua nazi, na yuko katika haki yake. Yamalizeni mapema, minazi ihesabiwe na kulipiwa kwa maandishi. Pia kuna maeneo makubwa ambayo ni mashamba ya mkonge, na watu wamelima humo miaka mingi bila ardhi kuwa yao. Bei ya chini mno ya ekari huashiria jambo la namna hiyo.

Ufukweni, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, na kingo za mito pia. Dalali atakuonyesha nyumba ambazo ziko ndani ya mita hizo. Mwachie. Bahari ya Pangani inakula nchi, ndiyo maana mji umejengewa ukuta wa kuizuia, na hakuna ukuta kama huo mbele ya kiwanja chako. Kifungu hichohicho kinawagusa wa Lushoto wanaopenda kujenga kando ya vijito.

Maji, umeme, mtandao

Kwa ufupi. Lushoto maji hutoka kwenye chemchemi za milimani na hushuka yenyewe; wakati wa mvua huja na tope, na kiangazi hupungua. Pangani maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni na kuingia visimani, kwa hiyo usichimbe kisima kabla hujaonja cha jirani. Kote kuwili nunua simtanki kabla ya sofa. Umeme upo mijini, na kukatika kupo; Pangani utautumia zaidi kwa feni na friji, Lushoto kwa kuchemsha maji ya kuoga. Mtandao wa simu Lushoto unategemea upande wa kilima. Nyumba mbili zilizo mita mia moja kutoka moja hadi nyingine zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku, kwa hiyo anayefanya kazi kwa kompyuta aingie chumbani kabisa, afunge mlango, ndipo ajaribu kupiga simu ya video.

Kula, na kujipatia kitu

Lushoto mboga ni bei ya aibu: kabichi, karoti, viazi, hoho, maharage mabichi, na matunda ya baridi kama peasi. Samaki ni wa barafu na amesafiri. Pangani ni kinyume chake, na hata huko samaki ana msimu. Kusi ikivuma bahari huchafuka, ngalawa nyingi hubaki ufukweni, na bei sokoni hupanda. Mboga za majani za Pangani ni chache, nyingi hutoka Tanga.

Wastaafu wengi huja na ndoto ya kulima. Lushoto bustani hulipa, lakini pale penye maji tu, mabondeni, na mabonde hayo yana wenyewe na hukodishwa kwa msimu. Usidhani ekari mbili za mteremkoni zitakulisha. Halafu soko liko Dar, na anayepanga bei ni mwenye lori. Wakulima walioanza kabla yako wanalalamika kila mwaka kabichi zikijaa. Pangani nazi hazikutajirishi haraka, ila mnazi haukuamshi alfajiri kumwagilia. Kwa mwenye umri wa miaka 60 na mgongo wake, hilo si dogo. Nyumba ya kulaza wageni inawezekana kote kuwili, ingawa naona wengi wameshapata wazo hilohilo.

Watu

Hapa ndipo uamuzi wa kweli hufanyika, na hakuna dalali anayekueleza. Pangani Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Wazigua, Wabondei, watu wenye asili ya Uarabuni, wote wanazungumza barazani lugha unayoijua, na mji wa bandari umezoea wageni tangu zamani. Utaingia kwenye mazungumzo siku ya kwanza. Kwa upande mwingine, mambo yako nayo yataingia kwenye mazungumzo siku ya kwanza. Utaulizwa mwenyeji wako ni nani, unasali wapi, mbona mkeo hajaja.

Lushoto watu ni wapole na wana bidii, lakini nyumbani na shambani ni Kisambaa. Kwenye kikao cha kitongoji wataanza kwa Kiswahili kwa heshima yako, jambo likipamba moto watahamia kwao, nawe utabaki ukisoma nyuso. Mji wenyewe umechanganyika zaidi, kwa sababu ya chuo cha mahakama na makao ya dayosisi ya Kilutheri ya Kaskazini Mashariki. Ukikaa vijiji vya juu, jifunze salamu zao kwanza. "Onga maundo" ya asubuhi inafungua mlango ambao pesa haifungui.

Kote kuwili, siku ya kufika peleka barua ya utambulisho kwa mwenyekiti, ujiandikishe kwenye daftari la msiba kabla hujafungua makontena ya vyombo, na uende kuzika hata usiyemfahamu. Kuchanga bila kufika hakuhesabiki sana. Anayejifungia ndani ya ukuta wenye geti la umeme ataishi kwa amani, hakuna atakayemsumbua, na siku gari lake likikwama kwenye tope hakuna atakayelisukuma kwa furaha.

Kwa hiyo nani aende wapi

Wenye watoto wadogo na kazi ya mtandaoni, Lushoto, mradi wakae karibu na mji na si zaidi ya hapo. Mwenye ugonjwa unaohitaji daktari bingwa, au miguu isiyotaka kupanda, Pangani. Mwenye fedha kidogo za ujenzi naye Pangani, kwa sababu msingi wa nyumba huko hauna gharama ya mteremko. Anayetaka kulima kwa kujiingizia kipato na ana nguvu zake, Lushoto. Na ambaye mke anataka baridi na mume anataka bahari waitazame Muheza: iko barabarani, karibu na Tanga, chini ya Usambara ya Mashariki, ina machungwa tele, haina uzuri wa hii wala ile, na ardhi yake haina mteremko wala chumvi. Joto lipo. Hakuna anayeisifia mtandaoni, nami naona hiyo ni sehemu ya bei yake nzuri.

Popote utakapochagua, panga kwanza, upitishe masika mawili kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mkataba uwe wa mwaka mmoja wenye nafasi ya kuongeza, kodi ulipe kwa miezi sita ukiweza, na ile nyumba ya Dar usiiuze bado; mpangishe mtu.